Karatasi kama Kigezo cha Ubora: Uhakiki wa Tuzo ya Msanii wa Mwaka ya Deutsche Bank

Ikisiri

Makala hii inahakiki Tuzo ya Msanii wa Mwaka iliyoanza kutolewa na benki ya Deutsche Bank ya Ujerumani mwaka 2010. Tuzo hiyo huwalenga wasanii ambao karatasi au upigaji picha una nafasi ya pekee katika kazi zao. Hoja inayojengwa ni kwamba kigezo hicho, kama kilivyotamkwa, hakitofautishi kazi inayoitumia karatasi kama uso wa kuchorea na kazi ambayo karatasi yenyewe ndiyo inayobeba maana. Kupitia uchambuzi wa kazi za washindi wanne, yaani Wangechi Mutu, Imran Qureshi, Maxwell Alexandre na Zhang Xu Zhan, inaoneshwa kwamba wasanii waliotuzwa wamekivuka kigezo kilichowatuza. Inahitimishwa kwamba udhaifu wa kigezo unatokana na chimbuko lake: kilizaliwa katika mahitaji ya mkusanyo wa benki kabla ya kuwa swali la kisanaa.

1.0 Utangulizi

Tuzo nyingi za sanaa humpa mshindi fedha taslimu. Tuzo ya Msanii wa Mwaka haikufuata njia hiyo. Mshindi huandaliwa onesho mjini Berlin, huchapishiwa kitabu kinachoambatana na onesho hilo, na baadhi ya kazi zake hununuliwa na kuingizwa katika mkusanyo wa benki. Kwa hiyo tuzo hii ni heshima na pia ni mlango wa ghala. Wakati inaanzishwa, benki ilikuwa na baraza la ushauri la wataalamu wanne, nao ni Okwui Enwezor, Hou Hanru, Udo Kittelmann na Nancy Spector. Ushiriki wa watu hao, hususan Enwezor aliyezaliwa Nigeria na kuwa miongoni mwa wasimamizi wa maonesho wenye ushawishi mkubwa duniani, unasaidia kueleza kwa nini tuzo iliyoanzishwa na taasisi ya fedha ya Ulaya ilimchagua mzaliwa wa Nairobi kuwa mshindi wake wa kwanza.

Msisitizo juu ya karatasi ni wa zamani kuliko tuzo. Benki ilianza kukusanya sanaa kwa utaratibu maalumu mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo michoro, chapa na picha za kamera zimekuwa uti wa mgongo wa mkusanyo ambao leo una makumi ya maelfu ya kazi. Kazi hizo zilikusudiwa kutundikwa mahali pa kazi. Katika minara miwili ya makao makuu mjini Frankfurt, kila ghorofa ilitengewa msanii wake. Jengo la PalaisPopulaire lilipofunguliwa mjini Berlin mwaka 2018, onesho la kwanza liliihusu karatasi, likiwa na kazi takribani 300 kutoka katika mkusanyo huo.

Swali linaloiongoza makala hii ni hili: je, karatasi ni kigezo cha ubora wa sanaa, au ni kigezo cha utunzaji kilichovikwa vazi la ubora? Swali hili lina uzito kwa sababu tuzo huamua ni kazi zipi zitakazohifadhiwa, kuandikiwa vitabu na kufundishwa. Pale kigezo kinapokuwa na utata, utata huo huingia katika historia ya sanaa yenyewe.

2.0 Mkabala wa Uhakiki: Malighafi kati ya Fani na Maudhui

Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili umezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui. Mgawanyo huo umekuwa na manufaa makubwa katika fasihi, ambako lugha ndiyo malighafi na ndiyo chombo. Katika sanaa za ufundi, mgawanyo huo unaacha pengo. Mti wa mpingo anaouchonga msanii wa Kimakonde si fani, maana ulikuwapo kabla ya mkono wa msanii. Wala si maudhui, maana hausimulii kitu kwa wenyewe. Hata hivyo, ugumu wake, weusi wa kiini chake na weupe wa ganda lake huamua kinachoweza kuchongwa na kinachoweza kusemwa. Malighafi ina historia, ina bei, ina watu wanaoitumia kwa kazi nyingine, na yote hayo huingia katika kazi ya sanaa kabla msanii hajaigusa.

Sarufi ya Kiswahili inatoa njia rahisi ya kulitazama pengo hilo. Kuna tofauti kati ya kazi iliyo kwenye karatasi na kazi ya karatasi. Katika kauli ya kwanza, karatasi ni mahali, na mahali paweza kubadilishwa bila kitendo kubadilika sana: mchoro wa penseli unaweza kuhamishiwa kwenye ubao na ukabaki mchoro uleule. Katika kauli ya pili, kihusishi -a kinaifunga kazi na kitu kilichoiunda, kama ilivyo katika nyumba ya udongo au kikapu cha ukindu. Ukiondoa udongo, nyumba haipo. Makala hii inatumia tofauti hiyo kama kipimo. Kwa kila msanii anayechambuliwa linaulizwa swali moja: karatasi ikibadilishwa kwa kitu kingine, ni nini kinachopotea?

3.0 Uchambuzi wa Kazi Teule

3.1 Wangechi Mutu: Karatasi Inayobebwa

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma sanaa nchini Marekani, na kupata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Alipotunukiwa tuzo mwaka 2010 alikuwa amekwisha kujulikana kwa kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kukata vipande vya machapisho na kuvibandika upya. Vipande vyake hutoka katika majarida ya mitindo, majarida ya picha za wanyama na nchi za mbali, majarida ya ngono na vitabu vya tiba. Miili ya wanawake inayotokana na mbandiko huo ina midomo ya wanamitindo, ngozi ya wanyama na viungo vya mashine.

Katika mfululizo wake wa kolaji 12 uliopewa jina la maradhi ya uvimbe wa mfuko wa uzazi, Mutu alizitumia kurasa za zamani zenye michoro ya kitabibu kama msingi wa nyuso. Hapa karatasi haiwezi kubadilishwa. Ukurasa wa kitabibu ulichapwa ili jicho la daktari limtazame mgonjwa bila ya mgonjwa kumtazama daktari. Mutu anauwekea ukurasa huohuo macho na midomo, na kwa hiyo mchoro wa kiungo kilichokatwa mwilini unageuka kuwa uso unaomtazama mtazamaji. Kama angelichora upya mchoro huo kwa mkono, angekuwa ameuiga mtazamo wa kitabibu. Kwa kuutumia ukurasa wenyewe, ameuteka.

Hata hivyo, kazi nyingi kubwa za Mutu za muongo huo hazikufanywa kwenye karatasi. Zilifanywa kwenye Mylar, utando wa plastiki ambao hauinyonyi rangi, hivyo wino hutuama na kuacha madoa kama ya maji au ugonjwa wa ngozi. Kigezo cha tuzo kikisomwa kwa maana ya mahali, kazi hizo zingeweza kukataliwa. Zikisomwa kwa maana ya malighafi, ni miongoni mwa kazi za karatasi zenye nguvu zaidi katika kizazi chake, kwa kuwa vipande vilivyobandikwa juu ya plastiki ni karatasi iliyokuja na maisha yake ya awali. Mutu ameigeuza nafasi ya karatasi: haibebi picha, inabebwa. Tuzo ilimchagua mshindi anayefaa, lakini kwa maneno yasiyoweza kueleza kwa nini anafaa.

3.2 Imran Qureshi: Karatasi Inayotengenezwa

Mshindi wa mwaka 2013, Imran Qureshi, alizaliwa Hyderabad nchini Pakistani mwaka 1972. Alisomea na baadaye kufundisha uchoraji wa picha ndogondogo katika Chuo cha Taifa cha Sanaa mjini Lahore. Mafunzo ya sanaa hiyo huanza na karatasi iitwayo wasli. Mwanafunzi hubandika tabaka za karatasi kwa gundi, huziacha zikauke chini ya uzito, kisha huusugua uso kwa jiwe au kombe hadi uwe laini na imara. Kwa mchoraji aliyepita katika malezi hayo, kuitengeneza karatasi ni hatua ya kwanza ya kuchora.

Kazi zinazomtambulisha Qureshi kimataifa zimeitoka karatasi kabisa. Kwa kazi yake katika ua wa jengo la kale mjini Sharjah mwaka 2011, alimwaga rangi nyekundu sakafuni, kisha akachora juu ya madoa hayo petali nyeupe za maua kwa brashi ya picha ndogo. Akiwa mbali, mtazamaji anaona mahali palipofanyika mauaji. Akikaribia, anaona bustani. Kwa hiyo mkono uliofunzwa na wasli ndio unaofanya kazi hata wasli isipokuwapo. Baadaye Qureshi aliirudia karatasi kwa namna iliyo kinyume na malezi yake: alichapa picha za kazi zake nyekundu kwenye maelfu ya karatasi za kawaida, zikafinyangwa moja moja kwa mkono na kurundikwa hadi zikawa kilima. Karatasi iliyosuguliwa kwa saa nyingi imekutana na karatasi inayotupwa baada ya kusomwa mara moja, kama gazeti la jana lenye habari za vifo vya juzi.

Hapa kipimo cha makala hii kinatoa jibu lenye pande mbili. Katika picha ndogo, ukiiondoa wasli kunapotea nidhamu nzima ya uchoraji. Katika kilima cha karatasi, ukiibadilisha karatasi kwa kitambaa kunapotea wazo la habari inayochakaa. Tuzo haikulazimika kuchagua kati ya maana hizo mbili, na haikuzitofautisha.

3.3 Maxwell Alexandre: Karatasi ya Kaki na Jina la Rangi ya Watu

Mwaka 2021 tuzo iligawanywa kwa wasanii watatu, akiwamo Maxwell Alexandre, aliyezaliwa mwaka 1990 na kukulia Rocinha, mtaa mkubwa wa makazi ya watu wa kipato cha chini mjini Rio de Janeiro. Mfululizo wake unaojulikana zaidi, Pardo é Papel, umechorwa kwenye karatasi ya kaki, ile inayotumika kufungia bidhaa na kutengenezea bahasha. Kwa Kireno cha Brazili karatasi hiyo huitwa papel pardo. Neno pardo ndilo pia linalotumika katika sensa ya nchi hiyo kuwaainisha watu wa asili mchanganyiko, na kwa muda mrefu limekuwa neno la kujisitiri kwa watu ambao wangeweza kujiita weusi.

Alexandre amelipokea jina hilo na kulirudishia karatasi. Kauli iliyo katika jina la mfululizo ni kwamba kilicho pardo ni karatasi. Watu waliochorwa juu yake ni weusi. Anawachora kwa rangi ya maji ya kupakia kuta, rangi ya viatu, lami na dawa ya kunyoosha nywele, pamoja na rangi za kawaida za wasanii. Vitu hivyo ni vya duka la mtaani, na kila kimoja kina historia yake katika mwili na makazi ya watu anaowachora. Katika picha hizo vijana weusi wamevaa sare za shule za manispaa, wanaogelea katika mabwawa ya plastiki ya buluu, na wanajipamba kama watu wenye uwezo na fahari.

Uhusiano wa fani, maudhui na malighafi unafikia hapa kiwango cha juu. Picha hizo zikinakiliwa kwenye turubai, wahusika watabaki, mandhari yatabaki, na hoja itatoweka. Namna zinavyooneshwa ni sehemu ya hoja hiyo. Karatasi kubwa huning'inizwa bila fremu wala kioo, na mtazamaji hupita kati yake. Karatasi hujikunja, huchanika kingo na kutikiswa na hewa. Msomaji wa Kiswahili anayeijua bahasha ya kaki, inayobeba barua ya kazi na vyeti vya mtoto wa maskini, hahitaji maelezo marefu kuutambua uzito wa malighafi hiyo.

3.4 Zhang Xu Zhan: Karatasi ya Kuchomwa

Mshindi mwingine wa mwaka 2021, Zhang Xu Zhan, alizaliwa Taiwan mwaka 1988 katika familia inayomiliki duka la vitu vya karatasi vya matambiko. Kwa desturi ya huko, nyumba, magari na vikaragosi vya watumishi hutengenezwa kwa karatasi na mianzi, kisha huchomwa moto ili vimfikie marehemu. Fundi wa vitu hivyo hutumia siku nyingi kukitengeneza kitu kitakachokuwapo kwa dakika chache tu mbele ya wafiwa. Kuungua kwake ndiko kukamilika kwake.

Zhang ameutumia ufundi huo kutengenezea filamu za vikaragosi. Kikaragosi cha karatasi husogezwa kidogo, hupigwa picha, husogezwa tena, hadi maelfu ya picha yanapofanya mwendo. Katika mojawapo ya filamu hizo, panya wa karatasi wanapiga muziki wa maziko. Kazi hii inafichua kasoro ya kisarufi katika kigezo cha tuzo. Kigezo kinasema karatasi au upigaji picha, kana kwamba ni njia mbili zilizo sambamba. Kwa Zhang, hizo ni hatua mbili za tendo moja: karatasi isingetembea bila kamera, na kamera isingekuwa na kitu cha kufufua bila karatasi iliyozaliwa ili ife.

4.0 Kigezo na Ghala

Uchambuzi huo unaonesha kwamba wasanii wote wanne wana uhusiano wa ndani na karatasi, lakini kila mmoja kwa sababu isiyotajwa na kigezo. Upande wa pili, kigezo hichohicho kimewapokea wasanii ambao karatasi si kiini cha sanaa yao. Yto Barrada wa Tangier, mshindi wa mwaka 2011, anajulikana hasa kwa picha za kamera. Kemang Wa Lehulere wa Afrika Kusini, mshindi wa mwaka 2017, amejijengea jina kwa michoro ya chaki kwenye ubao mweusi na kwa madawati ya shule yaliyobomolewa. Hakuna shaka juu ya ubora wa wasanii hao. Shaka iliyopo ni juu ya maana ya kigezo kinachoweza kuwapokea wote bila kujieleza.

Watetezi wa kigezo hiki wanaweza kudai kwamba karatasi ni malighafi ya kidemokrasia: ni rahisi, inapatikana kila mahali, na hupokea wazo la kwanza la msanii kabla halijapambwa. Dai hilo lina ukweli. Alexandre mwenyewe ni ushahidi kwamba karatasi humfungulia mlango msanii asiye na fedha za turubai. Lakini urahisi unaomsaidia msanii ndio unaomsaidia pia mnunuzi. Kazi za karatasi kwa kawaida ni nafuu kuliko michoro ya mafuta, huhifadhiwa kwa wingi katika droo, na hutundikwa kwa urahisi katika ofisi. Mkusanyo wa makumi ya maelfu ya kazi usingekuwa jambo jepesi kama kila moja ingekuwa sanamu ya shaba. Kwa hiyo karatasi ilichaguliwa na mantiki ya ghala, kisha ikatangazwa kama thamani ya kisanaa.

Athari za mantiki hiyo zinaonekana katika utunzaji. Kanuni za makumbusho hutaka kazi za karatasi zioneshwe katika mwanga hafifu, kwa kawaida takribani luksi 50, kwa muda mfupi, kisha zirudishwe gizani. Karatasi ya kaki na karatasi ya gazeti hubadilika rangi na kuwa dhaifu kadiri miaka inavyopita. Mtunzaji anawajibika kuuzuia mchakato huo, ilhali kwa Alexandre mkunjo na mchaniko ni sehemu ya maana, na kwa Zhang asili ya ufundi wenyewe ni moto. Kuingiza ghalani kitu cha ukoo ulioishi kwa kuchoma vitu hivyo si kosa, lakini ni tendo lenye maana, na tuzo inayotegemea karatasi ilipaswa kuwa na neno juu ya tendo hilo.

Kigezo kilichotamkwa kwa uangalifu zaidi kingeweza pia kupanua macho ya waamuzi. Mfano wa karibu ni msanii wa Uganda, Sanaa Gateja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza shanga kwa karatasi zilizotumika, zinazokatwa vipande, kuviringishwa na kushonewa kwenye kitambaa cha gome la mti. Katika kazi zake hakuna kilichochorwa kwenye karatasi. Karatasi imekoma kuwa ukurasa na imekuwa punje. Kigezo cha mahali hakina pa kumweka. Kigezo cha malighafi kingemweka mstari wa mbele. Tofauti kati ya vigezo hivyo viwili inaweza kuamua ni sehemu gani za dunia zinazohesabiwa kuwa na sanaa ya karatasi, na ni zipi zinazohesabiwa kuwa na kazi za mikono tu.

5.0 Hitimisho

Makala hii imeihakiki Tuzo ya Msanii wa Mwaka kwa kutumia tofauti kati ya kazi iliyo kwenye karatasi na kazi ya karatasi. Imebainika kwamba chaguzi za tuzo zimekuwa na busara kuliko maneno yake. Mutu ameiteka karatasi iliyochapwa na wengine, Qureshi ameifuata kutoka kwenye wasli hadi kwenye rundo la taka, Alexandre ameirudishia jina walilobandikwa watu, na Zhang ameichukua njiani kuelekea motoni. Wote wanne wanathibitisha kwamba karatasi huwa kigezo cha ubora pale tu inapokuwa na jambo la kusema lisiloweza kusemwa na kitu kingine.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, matokeo haya yanadokeza haja ya kuipa malighafi nafasi yake kando ya fani na maudhui, hasa katika tafiti za sanaa za ufundi za Afrika Mashariki, ambako mpingo, gome la mti, ukindu na karatasi iliyotumika vina historia ambazo bado hazijaandikwa vya kutosha. Kwa waandaaji wa tuzo, pendekezo ni kwamba kila tuzo inayojengwa juu ya malighafi ieleze wazi uhusiano inaoutaka kati ya malighafi hiyo na maana ya kazi. Bila maelezo hayo, msanii atatuzwa kwa sababu moja na kazi yake kuhifadhiwa kwa sababu nyingine, na vizazi vijavyo vitakavyofungua droo vitakuta karatasi bila kujua kwa nini ilikuwa lazima iwe karatasi.